Machibya na Breki Iliyoganda

Siku ile mjinga alikuwa Machibya. Hasingiziwi. Mwenyewe husema hivyo, tena kwa kicheko, kabla mtu mwingine hajamwahi.

Ilikuwa miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kuonekana hadi mtaa wa Kiseke, karibu na ziwa. Machibya, muuza mbao, alipata pikapu kuukuu. Kila Jumapili baada ya misa aliteremka nayo ufukweni, akaiingiza ziwani mpaka maji yakagusa milango, akaisugua hadi ing'ae. Wenye magari wengi walifanya hivyo. Ng'ombe huoga ziwani, kwa nini gari lisioge?

Jumapili moja alirudi kutoka ziwani, akaegesha kwenye mteremko mbele ya nyumba, akavuta breki ya mkono. Asubuhi akaiachia. Mkono wa breki ulishuka vizuri, lakini gurudumu moja la nyuma liligoma. Pikapu ikaunguruma, haikusogea hata hatua.

Mkewe Dorotea alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na hospitali haikuwa karibu. Machibya akachanganyikiwa. Akaondoa gia, akasukuma, wapi. Basi akaleta jeki, akanyanyua lile gurudumu lililoganda, akalala chali na kujiingiza chini ya gari.

Dorotea hakupenda alichokiona. Alijishika kiuno, akaenda kumwita jirani yao Mwanaheri. Mwanaheri aliuza spea kuukuu kule Mirongo, na kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika gereji ya marehemu mumewe. Ulimi wake ulikuwa na makali, hasa kwa Machibya, maana wao walikuwa watani.

Safari hii hakutania. Alimkamata Machibya miguu yote miwili, akamburuta kama gunia la mpunga. Machibya alikuwa bado anauliza kuna nini, jeki ikalala ubavu. Gari likaanguka kwa kishindo pale pale kilipokuwa kifua chake.

Dorotea aliketi chini. Machibya alitazama vumbi likitua.

"Mtani," Mwanaheri alisema polepole, "gari liko mteremkoni, halina gia. Kitu gani kilikuwa kinalizuia lisiteremke?"

Machibya akafikiri. "Lile gurudumu lililoganda."

"Na wewe umenyanyua lipi?"

Machibya akainama. Ndipo alipoelewa.

Mwanaheri aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akagongagonga gurudumu lililoganda kwa mpini wa nyundo mpaka likaachia. Majirani wakaitwa. Mawe yakaondolewa, Machibya akakaa kwenye usukani, mguu juu ya breki, gari likashushwa taratibu hadi uwanja wa Mwanaheri, ambao ulikuwa tambarare. Kazi ya chini ya gari haifanywi mteremkoni, alisema Mwanaheri, hata kama una haraka ya namna gani.

Hapo akamwonyesha ugonjwa wenyewe. Breki ya mkono huvutwa na kebo, yaani waya mnene unaopita ndani ya mrija mrefu. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia kwenye mrija na kukaa humo, wiki baada ya wiki. Waya ukashika kutu. Ukiuvuta unakwenda, ukiuachia haurudi.

"Kwa hiyo naweza kuupaka oili?" Machibya aliuliza.

"Jino likioza unalipaka mafuta ya kupikia?" Mwanaheri akacheka. Kebo iliyoshika kutu ndani hubadilishwa.

Alileta nyingine kutoka dukani. Kisha wakazuia magurudumu ya mbele kwa mawe na kulegeza nati za gurudumu la nyuma kabla ya kupiga jeki. Machibya akataka kuliegemeza gari juu ya jiwe. Mwanaheri akamkataza. Jiwe ni zuri kuzuia gurudumu, ila kubeba gari hapana, kwa sababu huteleza au hupasuka. Wakaweka magogo mapana na imara pande zote mbili, wakalitikisa gari kwanza kuona kama limetulia.

Breki ya mkono ikaachiwa, nati inayokaza kebo ikalegezwa. Wakavua gurudumu na lile sufuria la chuma linalofunika breki. Ndani kulijaa vumbi jeusi. Machibya akavuta pumzi alipulize, Mwanaheri akamziba mdomo kwa kiganja. Vumbi la breki huumiza mapafu. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Wakachomoa kebo ya zamani, wakailaza chini kando ya mpya kuhakikisha urefu ni mmoja, wakapitisha mpya njia ile ile, mbali na bomba la moshi, wakaifunga vizuri.

Mwisho wakaikaza kidogo kidogo. Breki ikivutwa, magurudumu yote mawili ya nyuma yakashika. Ikiachiwa, yakazunguka bila kukwaruza. Wakalijaribu gari kwenye mteremko mdogo, Machibya ameweka mguu tayari juu ya pedali ya breki. Likasimama kimya.

Uchungu ulimshika Dorotea wiki hiyo hiyo. Pikapu iliwaka na kuondoka bila ubishi, na mtoto alizaliwa salama, wa kike. Tangu hapo Machibya huosha gari uani, kwa ndoo. Na kila akipita mlangoni kwa Mwanaheri humshukuru, hata Mwanaheri akamwambia asante zake zimejaa nyumba, apeleke nyingine kwa jirani.

Machibya na Dorotea wakaamua mtoto aitwe Mwanaheri. Shangazi yake Machibya, Sabina, alikuja kutoka Misungwi kumwona mjukuu. Aliposikia jina hilo, uji ulimpalia. Alitaka jina la marehemu mama yake. Machibya akajaribu kumweleza, shangazi hakusikia.

"Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia," alisema. "Huyo Mwanaheri si ndugu, na yuko hai, anauza spea."

Dorotea alimfunika mtoto vizuri, macho yake chini kwa heshima.

"Shangazi," alisema, "bila Mwanaheri, aliyetangulia angekuwa Machibya."