Asya Afunga Machela

Asya alikuwa mfupi, na hakuwa na ugomvi na ufupi wake. Akitaka kitu cha juu kabatini alipanda kigoda, akakichukua, akashuka, basi. Waliokuwa na ugomvi nao ni watu wengine, hasa shemegi yake Kificho. Huyo, Mungu alimpa urefu wa watu wawili na ushauri wa kutosha kijiji kizima.

Mwaka huo mikarafuu ya shamba lao la Wingwi ilizaa vizuri. Wachumaji walichuma, Asya na wanawake wenzake wakachambua, kisha karafuu zikaanikwa kwenye majamvi. Shamba lilikuwa mbali na nyumba, kwa hiyo ilibidi mtu alale huko kuzilinda na wezi na mvua. Msimu uliopita alilinda Kificho. Alilala fofofo, mvua ikanyesha, karafuu zikaota ukungu. Familia ilikula muhogo mtupu kwa miezi mingi, na Kificho alikula pamoja nao bila haya.

Safari hii Asya alitaka kulinda mwenyewe. Wachambuaji wangelala bandani, karibu naye. Mumewe, Abdulsamad, alikuwa ameteguka mguu, hivyo hakuweza kwenda. Alikubali, lakini alitaka kwanza mkewe apate pahala pa kulala, kwani chini palijaa tope na siafu. Kama hapakupatikana kabla ya magharibi, Kificho angelinda tena. Asya alikosa raha kabisa.

Kitanda alikuwa nacho. Kaka yake alimletea machela kutoka Unguja, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kwa kamba baina ya miti miwili. Alimletea pia turubai la kuweka juu yake. Kificho akasema hiyo ni kazi ndogo, wamwachie yeye.

Alichagua miti iliyoachana sana, mkarafuu mmoja na mnazi mmoja. Akafunga kamba usawa wa kifua chake, yaani juu ya kichwa cha Asya. Akaivuta machela mpaka ikakazika kama kamba ya kuanikia nguo, kwani kwake kitu kilicholegea ni aibu. Turubai alilipandisha juu kabisa kama tunavyofunga kwenye harusi, ili wageni wapite wima na masinia ya pilau vichwani.

"Haya, panda, shemegi," alisema.

Asya alipindua ndoo, akasimama juu yake, akatupa mguu. Machela ikageuka, ikamtema upande wa pili, akaangukia gunia la makonyo, vile vijiti vya karafuu zilizochambuliwa. Alijaribu tena kwa kutanguliza kichwa. Akabaki amening'inia, kichwa huku, miguu kule. Wachambuaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Asya naye alicheka, halafu akahisi machozi yanamjia. Papo hapo mvua ikaja kwa upande, ikapita chini ya turubai, ikawaosha wote.

"Hii si kazi ya ntu mfupi," alisema Kificho, akikamua kofia yake. "Leo ntalala miye."

Mvua ilipokatika alitokea jirani yao, Mwalimu Conchesta, akirudi kutoka shule. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, na ndiye aliyewafundisha watoto uskauti. Tena alikuwa mfupi kuliko Asya. Alisalimia, akaizunguka machela, akaitazama juu na chini.

"Bi Asya, atakayelala humu ni nani?"

"Miye, Mwalimu, nikijaaliwa kupanda."

"Mbona amepimwa shemeji yako?"

Kificho alitaka kueleza. Mwalimu akamwomba atazame juu kwanza. Nazi kubwa kavu zilikuwa zimejazana mnazini, juu ya palepale pa kulalia. Kificho akasogea pembeni.

Mwalimu hakushika kamba. Alisema Asya afunge mwenyewe, maana kesho Mwalimu hatakuwepo. Wakachagua mikarafuu miwili mizima iliyokaribiana. Miti ikiwa mbali, alieleza, kamba lazima ifungwe juu sana ili katikati pasiguse chini. Ikiwa karibu, mkono wa mtu mfupi unatosha.

Turubai lilitangulia, ili mvua ikirudi wawe na pa kujificha. Asya alinyoosha mkono, na pale ulipoishia ndipo alipofunga kamba yake. Pembe akazivuta chini, karibu na ardhi, mvua ya upande isipate njia. Kisha akakunja kanga kuukuu, akazungushia kila shina, na juu yake akafunga kamba ya machela. Bila kitambaa kipana, kamba nyembamba hukata gome la mti.

"Sasa ilegeze," alisema Mwalimu. "Iache ibonyee katikati. Iliyokazwa ndiyo inayomtupa mtu. Ukikaa, iwe kama kiti chako cha jikoni, miguu ifike chini."

Mwisho Asya alifunga kipande cha uzi kwenye kila kamba, kabla haijafika kwenye kitambaa. Maji yanayoteremka kwenye kamba yangefuata uzi na kudondoka chini, badala ya kuingia kitandani.

"Usirushe mguu," Mwalimu aliongeza. "Kaa kwanza katikati, halafu lala kwa mshazari, mgongo unyooke."

Asya akakaa. Akainua miguu, akalala. Machela ikambeba vizuri. Wachambuaji walingoja aanguke, wakangoja, wakachoka, wakaenda kupika. Kabla ya adhana ya magharibi Abdulsamad alipigiwa simu, akasema haya, alinde Asya.

Alfajiri matone yaligonga turubai. Asya aliamka mara moja. Akateremsha miguu, ikafika chini, akawaita wenzake. Wakayafunika majamvi yote kabla mvua haijakolea. Akarudi kwenye machela yake, kavu, na moyo umemtulia kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze.

Mara Kificho akaja mbio, amelowa chapachapa. Alikuja kuziokoa karafuu. Alipoona zimefunikwa, alisimama nje ya turubai, maji yakimtiririka puani, asijue aingie vipi.

"Inama, shemegi," alisema Asya. "Hapa nimepima kimo kyangu."

Kificho akainama.