Kombo Ana Mshenga Chuoni

"Leticia ni nani?"

Nilimuuliza Kombo hivyo Jumapili, sahani ya bokoboko iko mbele yake, simu yake iko mkononi mwangu. Ujumbe ulisomeka: "Usimwambie mtu wa kwenu. Kesho saa nne nakusubiri chuoni. Usiogope, niko na wewe."

Akasema ni mwenzake tu, wanasoma pamoja. Nikamuuliza masomo gani hayo ya kufichwa watu wa kwao. Akanawa mikono, akaaga, akarudi mjini bila hata kuonja.

Mimi nina wivu, sikatai. Zilibaki wiki tatu tufunge ndoa, na Kombo ndiye wa kwanza katika ukoo wao hapa Tongoni kukanyaga chuo. Siku alipopata nafasi walichinja mbuzi, wakasoma dua, mama yake akalia kwa furaha. Mwanamume kama huyo humezewa mate, na mimi niliishia kidato cha pili.

Jumatatu, saa nne kasoro, nikashuka kwenye bajaji Raskazone, chuoni kwao. Niliwakuta kwenye korido, nje ya ofisi moja, msichana kamshika mkono mchumba wangu.

"Mwachie," nikasema. "Huyo ana mwenyewe."

Akamwachia. Alikuwa mwembamba, msalaba shingoni, wala hakutetereka.

"Wewe ndiye Mwatumu? Afadhali umekuja. Nimechoka kuwa mshenga wake."

"Mshenga? Kombo, unaposa wapi tena?"

Kombo akatazama mlango wa ofisi. Nikamwambia aseme, la sivyo leo leo posa inarudi kwao.

"Nimefeli," akasema. "Masomo mawili. Wiki ya tatu hii siingii darasani."

Yaliyobaki nilielezwa na Leticia. Baba yake ni mkata mkonge, naye pia ni wa kwanza kwao kusoma chuo. Mwaka wa kwanza alifeli, akafungasha begi, ndipo akaambiwa kuna sapu, mtihani wa kurudia. Kwao Kombo hakuna aliyelijua hilo. Na Kombo alipoambiwa aende kwa mwalimu wake, Madamu Ruthi, akaombe kuandikishwa, alifanya kama tufanyavyo Tongoni: mkubwa haendewi hivi hivi, hutumwa mtu akakusemee. Akamtuma Leticia. Mara mbili Madamu akamrudisha, anamtaka mwanafunzi mwenyewe. Na leo saa sita orodha inafungwa.

Niliona aibu. Halafu wivu ukarudi, mkali kuliko wa mwanzo.

"Yeye kayajua wiki tatu zilizopita. Miye je?"

"Weye unanisifu kijiji kizima," Kombo akasema. "Ningekutazamaje?"

Machozi yakanitoka. Nikamwambia Kombo kwamba mshenga alimfaa siku ya posa, lakini mtihani hauposewi. Nikabisha hodi mwenyewe, mlango ukafunguliwa, nikamsukuma ndani.

Alitoka baada ya robo saa. Ameandikishwa. Lakini mitihani ni Ijumaa na Jumamosi, siku zile zile za harusi yetu.

"Ukisema nisifanye, sifanyi," akaniambia.

Nilimtazama yeye, nikamtazama Leticia. Wiki tatu watakaa pamoja na vitabu vyao, nami niko Tongoni. Roho iliniuma, siwadanganyi. Nikapiga simu.

"Shikamoo baba. Naomba ndoa isogezwe mwezi mmoja. Hapana, hatujagombana. Kombo kafeli, anarudia mtihani."

Kombo akafumba macho. Baba akauliza kama mtihani huo nao unasomewa dua. Nikamjibu unasomewa.

Tangu siku hiyo, kila jioni nilimpigia Leticia, si Kombo.

"Kasoma?"

"Kasoma, dada."

"Mmekaa wangapi?"

"Sita."

"Kila mmoja aseme jina lake, nisikie."

Wakasema, mmoja mmoja. Robert akataja na la baba yake.

Kombo alifaulu yote mawili. Mwezi uliofuata tukafunga ndoa, na Leticia akaja na gauni jekundu lililomkaa vizuri kupita kiasi. Nilimkumbatia, nikamshukuru kwa moyo wangu wote, kisha nikamketisha ubavuni kwangu, nimwone.