Skrubu Nyuma ya Kiti cha Rubani

Jua lilikuwa likizama, na fundi wa kuchomelea alibakiwa na kijikazi kimoja tu: kuziba tundu.

Kwa miezi minane mwanamke huyo alikuwa akifufua kiunzi cha ndege kuukuu, mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa moto. Kila bomba aliligonga kwa nyundo ndogo: zima hulia kama kengele, bovu hunung'unika. Na bomba lililozibika ncha zote halichomelewi kabla ya kutobolewa, hewa ya ndani ipate njia; kisha humiminiwa mafuta ya kuzuia kutu, likafungwa kwa skrubu. La mwisho, nyuma ya kiti cha rubani, alilitoboa asubuhi ile.

Kwenye kiti hicho ndipo kaka yake alipoanguka na ndege. Tangu siku hiyo yu kitandani, pumzi haba. "Mdogo wangu," alimwambia, "likipona hilo dude, nami nitapona." Walicheka. Lakini kazi aliichukua.

"Harakisha, mama," alisema mkaguzi, lakiri mkononi. "Kanuni inataka mwanga wa jua. Likizama, kiserikali chuma hiki hakipo."

Fundi aliinamisha sikio kwenye tundu.

Hhh… hhh…

Pumzi. Vuguvugu, yenye harufu ya dawa ya kuchua aliyompaka kaka yake kifuani alfajiri.

"Bwana… bomba linapumua," alinong'ona.

Mkaguzi akapekua fomu, kurasa kumi na moja. "Kutu ina kisanduku chake. Ufa una kisanduku chake. Kupumua hakuna. Ziba."

Simu ikalia. Mama yake.

"Mwanangu, kaka yako anakwisha! Tangu asubuhi pumzi inamvuja tu!"

Tangu asubuhi…

Tangu tundu.

Alikaza skrubu hadi kiganja kikachubuka. Mkaguzi akadondosha lakiri juu yake, akagonga mhuri, akaenda zake kabla jua halijamfukuza kazini.

Simu bado ilikuwa hewani. Kikasikika kigelegele cha mama. "Ameketi! Anataka chakula!"

Ndani ya bomba, kitu kikagonga.

Ko. Ko. Ko.

"Mdogo wangu…" Sauti nyembamba, ya chuma. "Umenifungia."

Alichukua bisibisi. "Mama… kuna kitu nimekifunga hapa. Nikikifungua—"

"Ulichofunga, kiache kimefungwa! Amepona, mwanangu. Nakupigia magoti."

Bisibisi ikaanguka sakafuni. Hakuiokota.

Nyumbani alimkuta kaka yake mezani, amenyooka wima, ananukia mafuta ya kuzuia kutu. Alimtazama dada yake kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa mama. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema kaka mtu.

Mama alicheka, machozi yakimchuruzika. "Mzaha wake umerudi!"

Fundi alimsogelea. Alimwekea kiganja kifuani. Baridi. Akamgonga kwa kidole, taratibu, kama alivyozoea.

Kifua kikalia kama kengele.

Kizima kabisa. Na kitupu.