Karatasi Si Salamu

Asubuhi, kijiji cha Mlali huamka na majembe. Pili alikuwa amekwisha kupika uji na kufagia uwanja. Mume wake, Mwinshehe, alikuwa bado kitandani, amegeukia ukuta.

"Baba Shamimu, leo unakwenda shamba?"

"Malaria hii," alijibu.

Haikuwa malaria. Alikwisha kupima, hakukutwa nayo. Usingizi ulimkimbia, chakula hakikupita kooni. Akishika jembe, mikono ililegea. Nyanya ziliozea shambani, magugu yakazifunika.

"Mwinshehe, siku hizi unalima magugu?" majirani walimtania. Akawa anapita njia ya nyuma ya nyumba, asionekane.

Tena shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Mjomba wake, Mzee Abuu, alikwisha kuonya: "Ardhi ya ukoo hailali. Ukishindwa, nitampa mwingine."

Jumamosi moja Pili alimleta Margareth, mhudumu wa afya wa kitongoji. Mwinshehe alivaa shati haraka, akajikaza kutabasamu.

"Habari za siku, kaka?"

"Nzuri tu, dada."

Margareth alitoa karatasi yenye maswali machache. "Hii ni ya kujipima hali ya moyo wako kwa wiki mbili zilizopita. Si mtihani. Kila swali unachagua: hakuna kabisa, siku chache, siku nyingi, au karibu kila siku."

Mwinshehe aliijaza upesi. Kila mahali aliweka alama kwenye "hakuna kabisa". Margareth aliisoma, akaiweka chini.

"Kaka, umenijibu salamu."

"Kivipi?"

"Sisi mtu akiulizwa habari, husema nzuri, hata kama kafiwa. Baadaye ndipo huongeza: 'Ila...' Nzuri yako nimeiona. Sasa naomba hiyo ila."

Mwinshehe alitazama chini. Uso ulimchoma kwa aibu. "Nikisema, wataniita chizi. Mwanamume mzima nimeshindwa na nyanya!"

"Malaria ulikwenda kupima bila aibu. Hii nayo hupimwa."

Pili alinyanyuka ili awapishe.

"Kaa, mama Shamimu," Mwinshehe alisema.

Wakaanza upya. Usingizi? Karibu kila siku hakupata. Kujiona hufai? Alijibu: "Karibu kila siku." Swali la mwisho liliuliza kama huwaza kwamba ni heri afe.

"Siku chache," alinong'ona.

Pili alimshika mkono. "Na mimi nilikuwa nakuita mvivu!"

Margareth alijumlisha alama. "Ni nyingi. Karatasi haisemi ni ugonjwa gani. Inasema tu usikae na jambo hili peke yako, umwone mtaalamu. Na hilo la mwisho, hata lingekuwa la siku moja, halingoji. Twende sasa hivi."

Katika kituo cha afya, mganga alimsikiliza bila haraka. "Hii inaitwa sonona," alisema. "Ni ugonjwa, na unatibika." Alimpa dawa, akampangia siku za kuja kuzungumza. Alimwambia Pili asimwache peke yake, na sumu ya wadudu wa nyanya ihamishwe. Margareth akaenda kuifungia nyumbani kwake.

Nafuu ilikuja polepole. Kwanza usingizi, kisha hamu ya kula. Asubuhi moja Mwinshehe alipalilia tuta moja, akachoka, akarudi. Kesho yake akaenda tena.

Huko shambani ndiko Mzee Abuu alikomkuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya shamba hili."

Mwinshehe aliinamisha kichwa. Aibu ilikuwa bado ipo, lakini alisema: "Mjomba, sikuwa mvivu. Niliugua sonona. Nilijipima kwa maswali ya Margareth, na sasa natibiwa."

Mzee alitazama matuta machache yaliyopaliliwa, kisha magugu mengi yaliyobaki.

"Ungesema mapema, tungekusaidia kulima. Shamba ni lako. Kesho nitaleta vijana wa ukoo."

Aligeuka aende zake, akasita. Alitazama huku na huku, akashusha sauti.

"Tangu mke wangu afariki, mimi nyumbani nashindwa kuingia. Nakaa nje tu. Hayo maswali, mjomba... mzee naye huulizwa?"

Mwinshehe aliweka jembe chini.

"Huulizwa, mjomba. Twende wote kwa Margareth."