Kimya cha Taqwa

— Weye Kaoutar, usijibu! Baba akikuuliza kama unamutaka huyu kijana, unanyamaza. Kimya chako njo jibu!

— Ata "ndiyo" ya pole pole?

— Ata hiyo! Bibi arusi anasema "ndiyo" mbele ya wazee? Utatutia haya!

Huyo ndiye Taqwa. Katika shule yao ya Rumonge, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakiongoza michezo mifupi, wakiwachezesha wenzao, na mchezo utakaoshinda ungepelekwa Bujumbura. Taqwa aliitaka safari hiyo kwa kufa na kupona. Mchezo wake ulihusu posa. Na mdomo wake, jamani! Ukikutana naye sokoni, samaki wako wataharibika kabla hajamaliza salamu.

Mposaji alikuwa Darwesh, kijana mpole. Kaoutar, bibi arusi wa mchezo, alichelewa kila siku maana alimsaidia mama yake kukamua mawese. Basi Taqwa alijitanda kitenge, akawa bibi arusi badala yake palepale kwenye kona yake ya kuongozea, na Darwesh akaposa kwa maneno matamu mpaka mwalimu wao, Madamu Elda, akafuta machozi. Kaoutar akifika tu, Darwesh anakaukiwa na maneno.

"Anamwonea haya kwa sababu anampenda," Taqwa alijiambia. Moyo ulimuuma, kwani yeye mwenyewe alikuwa hoi kwa kijana yule. Jioni ya kuamkia mashindano akajikaza, akamwandikia:

"Kesho umuangalie Kaoutar mu macho. Najua unamupenda. Usiogope."

Darwesh akajibu kama anayemjibu mkubwa wake:

"Sawa, chef."

Kesho yake ukumbi ulijaa wazazi. Taqwa alijibanza kwenye kona yake ileile, nyuma ya pazia, tayari kuwanong'oneza watakaosahau maneno. Darwesh akasimama, akavuta pumzi, akamgeuzia Kaoutar mgongo na kuliambia pazia:

— Nimekuja na wazee wangu. Nyumba yenye haina sauti yako, mimi siiwezi.

— Bibi arusi iko huku, bwana! mama mmoja akapiga kelele.

Kaoutar uvumilivu ukamshinda.

— Darwesh, ni mimi!

Bibi arusi kasema! Ukumbi ukaangua kicheko, Madamu Elda akajifunika uso. Safari ya Bujumbura ikaenda kwa mchezo wa Nasoro, mwenzao wa mwaka wa mwisho.

Taqwa alimkuta Darwesh nyuma ya ukumbi, upepo wa ziwa ukipeperusha kanzu yake ya kuazima.

— Umeniharibia! Nilikuambia umuangalie Kaoutar! Weye unaposa pazia? Sasa Bujumbura nitaiona wapi? Eh? Sema!

— Unisamehe. Nilijaribu. Lakini maneno ile niliyajifunza nikiangalia kona yako. Kwa Kaoutar hayatoki.

— Si unamupenda?

— Nani alikuambia? Weye unasema mingi, Taqwa, lakini ujauliza ata siku moja.

Taqwa akafungua mdomo. Darwesh akamuwahi.

— Tumalize shule kwanza, nipate kazi. Kiisha, nikileta wazee wangu kwenu, wazee wa kweli, mutawafungulia?

Taqwa aliinamisha kichwa, akashika pembe ya kitenge chake.

— Taqwa? Umekasirika?

Kimya.

— Bon, basi nimekosea. Murakoze, asante. Tusahau.

Akageuka kuondoka, maskini, mabega yamemshuka. Mlango wa ukumbi ukafunguka, akatoka Ayubu aliyecheza baba wa binti, bado na ndevu zake za pamba. Kumbe alisikia yote. Nyuma yake Kaoutar alijiziba mdomo asicheke. Ayubu akakohoa kizee.

— Mwanangu Taqwa, kijana huyu unamutaka?

Taqwa, msichana ambaye hata darasani mwalimu humuomba apumzike, alitazama vidole vya miguu yake. Machozi yalimlenga, tabasamu likamponyoka, lakini neno hakutoa.

Darwesh akasimama palepale. Sasa alikuwa ameelewa, naye akaanza kucheka peke yake.

Ayubu akajinyoosha, akapangusa ndevu zake.

— Wazee, mumesikia.