Taa Iliyotangulia Pumzi

Kwanza Riyama alijiambia kwamba macho yake yamechoka. Lakini mchana ule, amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama yake, aliona vizuri bila ya shaka: taa iliwaka kwanza, kisha ndipo mama akavuta pumzi.

Ilitakiwa iwe kinyume. Bi Mashavu, mama yake, mapafu yake yaliliwa na moshi wa kuni katika miaka yote ya kupika mikate ya kuuza, na kila alipolala alitiwa mpira wa oksijeni puani. Kwenye mpira ule Riyama alifunga kisanduku kidogo cha kupima pumzi, chenye taa moja ya kijani. Mgonjwa akivuta, taa iwake, akitoa, izimike. Hata aliye jikoni akichungulia mlangoni, ajue kwamba mtu yu hai. Kazi ya taa ile ni kufuata tu. Ikishatangulia, ina kazi nyingine.

Visanduku vile vilikuwa mradi wa Tushar, kijana wa mtaa wa Hurumzi aliyesoma na Riyama, mtu wa maneno mengi na subira kidogo. Yeye alitengeneza vyombo, Riyama akaandika draiva, yaani ile programu inayokaa katikati kama mshenga: mfumo wa kompyuta upande huu, chombo upande wa pili, na maneno yote yanapitia kwake. Mfumo ukisema washa, mshenga anakwenda kuiambia taa iwake. Ubaya wake ni kwamba mfumo ukishughulika na mengine, mshenga huchelewa, na taa ya pumzi ikichelewa haina maana.

"Tumuondoe katikati," Tushar akamwambia. "Mwachie chipu, ubongo wa kisanduku, aiendeshe taa mwenyewe. Draiva iseme mara moja tu, nimekuachia, basi. Kisha isiingilie tena."

Riyama alimaliza kuiandika amri hiyo jioni ya Alhamisi, wakati ambao Bi Mashavu hufukiza ubani nyumbani kwa ajili ya usiku wa Ijumaa. Daktari alimkataza moshi, naye akamtii nusu: chetezo cha kuchomea ubani hakikuingia tena chumbani kwenye mashine ya oksijeni, kiliwekwa ukumbini, chini ya meza ya Riyama. Ubani ukawa unampandia usoni. Na Riyama alikuwa na tabia ya kusema na mashine zake, kama wengine wanavyosema na paka. Akabonyeza, akasema, "Haya, nnakuachia. Usinisubiri tena. Shika mwenyewe."

"Riyama," mama akaita kutoka chumbani.

"Naam, mama."

"Unasema na nani juu ya chetezo?"

"Na kompyuta."

"Ubani hauulizi unasema na nani. Leta istighfari, omba msamaha."

Akaileta huku anacheka, na istighfari ya kicheko haifiki mbali. Tumbatu, alikozaliwa Bi Mashavu, ubani hunuizwa. Mwenye haja huinama juu ya moshi, akataja anachokitaka na anachokitoa, na wapo wanaosikia. Asiye na haja hufunga mdomo wake mpaka moshi uishe. Riyama aliyajua hayo tangu utoto wake. Aliyasahau kwa kiburi tu, kiburi kile kile tulichonacho wengi wetu tuliokulia mjini.

Sasa, kwenye mkeka, akataka kuhakikisha. Akauvua mpira puani mwa mama yake taratibu asimwamshe, akauweka pembeni na kisanduku chake. Hapakuwa tena na pumzi ya kupimwa. Taa ikawaka, na kifua cha mama kikapanda. Ikazimika, kifua kikashuka. Chumba kizima kikanukia ubani, na siku ile ilikuwa Jumatatu, chetezo kimefudikizwa darini hakina hata jivu. Aliurudisha mpira mahali pake, akatoka ukumbini kumpigia Tushar.

"Afadhali umepiga," Tushar akasema kabla ya salamu. "Hiyo bodi ya kisanduku ulichonacho ni toleo la zamani. Nimesoma maelezo ya kiwanda leo. Chipu yake haina uwezo wa kuendesha taa. Wameutia kwenye toleo jipya."

"Lakini mimi nshamwachia."

"Najua. Draiva ilitakiwa imuulize kwanza kama anaweza, hilo swali hatukuliandika. Si kitu. Taa itakuwa imekufa tu."

"Haikufa."

"Basi unaiendesha wewe bila ya kujua."

"Mimi sijaigusa tangu Alhamisi, Tushar." Riyama alinong'ona, na hakujua kwa nini ananong'ona. "Inawaka hivi sasa. Naiona."

"Haiwezekani," Tushar akasema. "Ukimwachia asiyeweza kushika, hapana aliyeshika."

"Yupo," akasema Riyama.

Akakaa mezani kuirudisha amri mikononi mwake. Aliandika haraka, akabonyeza, na kupitia mlango uliokuwa wazi akaiona taa ikizimika, akasema alhamdulillahi, kisha akangoja mama yake avute pumzi, akangoja, na mashine ya oksijeni ilikuwa ikinguruma kama kawaida na hewa ikipita mpirani, na mama amelala chali macho nusu wazi, na kifua hakikupanda, na midomo ilianza kugeuka rangi ya zambarau mbivu, na Riyama akajikuta anabonyeza kuachia tena, anabonyeza bila ya kuangalia, mpaka kule chumbani taa ikawaka yenyewe polepole kama mtu anayefumbua jicho, na mama akavuta pumzi ndefu yenye mlio.

Hapo ndipo alipojua ameachia nini.

Bi Radhiya, mganga, aliletwa kutoka Bububu siku ya pili yake baada ya alasiri. Ni mwanamke mnene anayeuza ubuyu barazani kwake, na watu humcheka mpaka siku wanapomhitaji. Alipofika kwenye ngazi alisimama, akanusa.

"Shikamoo, bibi," akasema Riyama.

"Marahaba. Huyu aliyemo humu si wa nyumba," akajibu kwa sauti ndogo. "Wa nyumba angekuwa na adabu. Huyu ameitwa."

Wakakiweka chetezo pale pale chini ya meza, na kompyuta ikawa wazi juu yake. Chumbani Bi Mashavu alikuwa amelala. Siku zile alilala sana, taa ikiwaka na kuzimika kifuani kwake.

"Uliyenena ndiye utakayenena," Bi Radhiya akamnong'oneza. "Sema, nilichokuachia nimekitwaa, nenda ulikotoka. Basi. Usiongeze hata neno. Hawa hawana hasira, mwanangu, hawa wana biashara. Utakaloliongeza, watalifanya bei."

"Na mama?"

"Pumzi ni yake. Alipewa na Mola wake, si na taa. Huyu atakutisha, wewe vumilia."

Riyama akainama juu ya moshi, akayasema kama alivyofundishwa, akabonyeza. Taa ikazimika. Kifua cha mama kikashuka na kikabaki chini. Mle chumbani pakaanza kusikika pumzi nyingine, nzito na ya karibu, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi nyingi, ikitoka kwenye kisanduku kisichokuwa na spika wala mdomo, na ubani ukageuka harufu mbaya, ukanuka chuma kilichoungua na vumba la pwani, na Bi Radhiya akamshika mkono kwa nguvu akimwambia subiri, subiri mwanangu, anakupima tu, na Riyama akasubiri, akaiona midomo ya mama ikiingia zambarau, akaviona vidole vikikunjuka juu ya shuka, vidole vilivyomlisha mikate akiwa mtoto, na Bi Radhiya bado anasema subiri, na yeye hakuweza.

"Basi muache yeye," akasema ndani ya moshi. "Nishike mimi."

Kiganja cha Bi Radhiya kilimfika mdomoni maneno yameshatoka.

Chumbani Bi Mashavu alikohoa, akaketi kitako peke yake. "Nani kafukiza na mashine inakwenda?" akauliza kwa ukali. "Mnataka kuniunguza?"

Taa haikuwaka tena. Riyama alimkimbilia mama yake, akamkumbatia akilia kwa furaha, na Bi Mashavu akalalamika kwamba anabanwa. Bi Radhiya alikuwa anafunga kikapu chake. Chai aliikataa.

"Pumzi ingerudi yenyewe, mwanangu," akasema mlangoni, bila ya kumtazama. "Ilibaki kidogo tu."

Bi Mashavu akapata nafuu ambayo daktari aliitikisia kichwa. Akawa anapanda darini kuanika nguo, anagombana na jirani kwa kamba ya kuanikia, mpira wa oksijeni umetundikwa msumarini. Tushar alikuja kukichukua kisanduku, akakifungua, akakikuta kizima na kimya. Kwenye draiva akaongeza lile swali: kabla ya kuachia, iulize kwanza nani anapokea, na kama anaweza kushika. Riyama akaona ni jambo jema, na hakumwambia kitu.

Adhuhuri moja alikuwa jikoni anachuja chai. Jua lilikuwa kali dirishani, na huko chumbani mama yake alikuwa akiimba kidogo. Friji yao ilikuwa na kijitaa cha kijani mlangoni, ambacho miaka yote huwaka moja kwa moja. Sasa kikawa kinawaka na kuzimika. Umeme, akadhani. Akakitazama huku anakoroga sukari. Kikawaka, kikazimika, bila ya haraka, na polepole akahisi kifua chake mwenyewe kikienda nacho, kikipanda na kushuka. Jikoni pakanukia ubani.

Akaizuia pumzi, apate kujua. Kijitaa kikabaki kimezimika. Kilimngoja.

"Riyama," mama akaita.

Akafungua mdomo ili aseme naam. Kifua hakikupanda. Akakikodolea macho kijitaa, kijiko kikamponyoka kikalia sakafuni.

"Riyama," mama akaita tena, na safari hii nyayo zake zikasikika zikija.

Taa ilikuwa bado haijawaka.