Ufa Kwenye Dola ya Fedha

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia dukani kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta mpaka ikakauka kabisa, ndipo akaketi kwenye kigoda karibu na dirisha. Mkono wenye unyevu au mafuta haukuruhusiwa kugusa kitu mle ndani.

Duka lilikuwa chumba chembamba, kimebanwa kati ya fundi viatu na kinyozi. Shangazi aliuza na kununua sarafu za kale, lakini alijulikana zaidi kwa kazi ya kuzipima daraja. Watu walimletea dola za zamani za fedha, kubwa na nzito. Yeye alizishika kwa ukingo, akazichunguza kwa lenzi, kisha akawaambia zimechakaa kiasi gani na zina daraja gani. Akishasema, hakuna aliyebisha.

Wakusanyaji walizipenda kuliko zote dola zenye ufa.

"Usidhani ni sarafu iliyopasuka," Shangazi alimfundisha. "Sarafu hupigwa kwa muhuri wa chuma. Muhuri ukichoka hupata ufa. Basi fedha ikibanwa hapo, huingia ndani ya ule ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka, kama mshipa wa mkono. Huo ndio unaotafutwa. Lakini ukiona mstari umezama, jua ni mkwaruzo tu. Sarafu hiyo imeharibika."

"Na mtu akichanganya, Shangazi?"

"Afunge duka akauze nyanya."

Walicheka. Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo Chiriku, pamoja na maneno yake yote, hakulisema popote. Shangazi alikuwa haoni vizuri. Mwanzoni alijigonga kwenye pembe za meza. Baadaye akawa anamimina chai nje ya kikombe. Mwishowe hata lenzi ikawa inamwonyesha ukungu mtupu.

"Niangalizie wewe, mwanangu," alisema. "Macho yako bado mapya. Lakini baba yako asijue. Akijua tu, duka hili kwisha."

Chiriku aliahidi. Alimhurumia shangazi yake, na pia, kusema kweli, aliona fahari. Wateja walidhani msichana anachezea lenzi tu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimnong'oneza Shangazi kila alichokiona.

Mchana mmoja mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Dereva mmoja wa lori aliingia, koti linachuruzika maji. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu.

"Shikamoo, mama. Hii ametuachia marehemu mama yetu. Alisema tuitunze, ina thamani. Sasa paa la nyumba yake linavuja na wadogo zangu wanalala humo. Nimeona niulize kwanza, kabla sijaipeleka kwa sonara."

"Marahaba, baba. Pole sana kwa msiba," Shangazi alisema. Aliinua sarafu kwenye mwanga hafifu wa mlangoni kana kwamba anaitazama, kisha akampa Chiriku.

Chiriku aliinamia lenzi. Palikuwa na mstari mrefu uliokata kichwa cha mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu, kutoka kwenye paji la uso mpaka shingoni. Akiigeuza huku, mstari ulionekana umezama. Akiigeuza kule, ulionekana umeinuka. Kivuli kilimchanganya. Huko nje wenzake walikuwa wameanza kumwita, maana mvua ilikuwa imepungua na mpira ulikuwa unamngoja.

"Umezama," alinong'ona. "Ni mkwaruzo."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. "Ninayo," alijibu.

Shangazi alimrudishia dereva sarafu yake. "Samahani, baba. Imekwaruzwa vibaya. Thamani yake ni uzito wa fedha tu."

Dereva aliifunga tena kitambaani. "Basi mama alijidanganya," alisema polepole, akatoka kwenye matope.

Kesho yake aliingia mwalimu mstaafu, mkusanyaji wa siku nyingi, uso wake umekunjamana. Hata salamu hakutoa. Aliweka mezani kipande cha fedha kilichokatwa kama mwezi nusu.

"Nimekikuta kwa sonara," alisema. "Nusu ya kwanza alikuwa ameshaiyeyusha. Ufa mkubwa namna hii sijapata kuuona tangu nianze kukusanya! Dereva aliyeiuza alisema umempimia wewe."

Chiriku alitazama. Umeme ulikuwa umerudi, na chini ya taa mstari ulisimama wazi, umeinuka kama mshipa wa mkono. Shangazi alipapasa meza, akakipata kile kipande, akapitisha kidole gumba juu yake. Siku zote alikataza kugusa uso wa sarafu, lakini sasa hapakuwa na cha kulinda. Kidole kilifika kwenye mstari kikasimama.

"Ni wewe kweli uliyeipima?" mwalimu aliuliza.

"Mimi," Shangazi alijibu.

"Wewe? Hata mtoto asingekosea hivi! Tutakuaminije tena?"

Shangazi aliinamisha kichwa, asijitetee. Hilo ndilo lililomshinda Chiriku.

"Si yeye, mwalimu! Ni mimi!" alilia. "Sikuiona vizuri nikasema nimeiona. Shangazi haoni. Haoni siku nyingi."

Shangazi aligeuza uso ukutani. "Umenivua nguo mbele za watu," alisema kwa sauti ndogo.

Jioni ile duka lilifungwa mapema, na Chiriku akamweleza baba yake yote, Shangazi akiwa ameketi pale pale. Baba hakugomba. Alikaa kitako, akashika kichwa. "Dada yangu," alimwambia Shangazi, "mficha maradhi, kilio humfichua. Kesho tunakwenda hospitali."

Daktari wa macho alimpima Shangazi kwa muda mrefu. Alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula mishipa ya kuonea kimyakimya. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha na halingerudi tena. La kushoto lilibaki na uoni kidogo, na dawa ya matone ingeweza kuulinda, mradi asiache hata siku moja.

"Ungekuja ulipoanza kujigonga, mama, tungeyaokoa yote mawili," daktari alisema.

Walipotoka hospitali, Shangazi alitaka apelekwe kwenye maegesho ya malori. Dereva alikuwa akifunga turubai. Shangazi alimweleza bila kuficha kitu, na Chiriku akaomba msamaha huku machozi yakimtoka. Dereva aliwasikiliza, kamba mkononi.

"Kwa hiyo mama alisema kweli," alisema. "Nami nilimwona muongo."

Shangazi alimpa dola yake mwenyewe, yenye ufa mzuri kuliko zote alizokuwa nazo. "Mpelekee mwalimu mstaafu. Nimeshazungumza naye, ameahidi kuinunua kwa bei yake kamili. Ezeka nyumba."

Dereva aliipokea, lakini mkono wake mwingine ulibaki wazi. "Na ile nusu iliyobaki, mama? Nayo ninaitaka." Shangazi aliitoa mkobani, maana mwalimu alikuwa ameiacha dukani, na dereva akaifunga kitambaani, akaitia mfuko wa shati.

Paa liliezekwa. Mwalimu mstaafu alikubali kuja dukani kupima sarafu na kumfundisha Chiriku, ingawa baadhi ya wateja hawakurudi tena. Siku nyingi Shangazi na Chiriku walikaa wawili tu, wakisikiliza nyundo ya fundi viatu.

"Bado umenikasirikia, Shangazi?" Chiriku aliuliza siku moja.

"Nilikukasirikia. Siku ile niliona umenitupa, kumbe ulikuwa unaniokoa." Shangazi alivuta pumzi. "Sikia, mwanangu. Mimi niliona haya kusema 'sioni', na wewe ukaona haya kusema 'sijui'. Haya zetu zimenigharimu jicho, zikamgharimu yule kijana urithi wa mama yake. Anayeficha udhaifu wake hauponyi, anaulea tu. Ukiumwa, sema. Usipojua, sema. Aibu yake ni ya siku moja."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba kichwa hakionekani. "Nimesikia, Shangazi."

"Haya, chukua ile chupa uniwekee dawa. Na usitetemeke mkono, jicho lenyewe ni hili moja tu."

Chiriku alinawa mikono, akaifuta, akamwinua Shangazi kidevu taratibu, na tone likaanguka mahali pake.